Matumbo Barabarani

Nianze na matumbo, kwa sababu bila hayo matumbo nisingekufa.

Jumamosi ile zamu yangu iliisha asubuhi. Nilikuwa mtu wa kunyausha majani kwenye kiwanda cha chai, huko Kericho: majani mabichi yanatandazwa kwenye vitanda virefu vya waya, yanapulizwa upepo kutoka chini, nawe unayageuza na kuyageuza mpaka yalegee. Ni kazi ya kusimama, na ukitoka hapo miguu ndiyo inataka kulala kwanza. Lakini mke wangu akaniambia watoto wamechoka na sukuma wiki, niende Litein nilete matumbo. "Na uangalie wayaoshe hukohuko," akasema. "Juzi ulileta na mavi."

Namwita mke wangu, na leo naweza kumwita hivyo bila mtu kukohoa. Miaka ile ya tisini alikuwa tu mwanamke niliyekaa naye kwenye nyumba ya kampuni. Miaka saba, watoto wawili, na nyumbani kwetu kule ziwani hakuwa amekanyaga hata siku moja. Yeye ni Mkipsigis wa upande wa Merigi, mimi ni Mjaluo. Alianza kuja kwenye laini zetu, zile safu za nyumba za wafanyakazi, akiuza maziwa, nami nikaanza kunywa maziwa kupita kiasi cha mtu mzima. Baba yake alipopata habari alisema nisionekane Merigi na macho yangu mawili. Watu wangu mimi sikuwaambia kitu. Nilisema nitawaambia nikipata ng'ombe wa kupeleka kwao. Halafu ukaja ule mwaka wa vurugu, watu wakachomeana nyumba kule mpakani upande wa Sotik, nikasema ngoja kwanza kutulie. Kukatulia, nikaendelea kungoja. Mimi nina mdomo, kiwanda kizima kilijua. Nimewahi kugombana na meneja juu ya buti. Lakini hilo jambo moja lilinishinda kutamka.

Yeye hakunisumbua. Mara moja tu kwa mwaka, Desemba, majirani wakifunga mizigo kwenda makwao, aliniuliza, "Mwaka huu pia?" Nikamjibu mwaka ujao. Hakutaka pete wala harusi ya kanisani. Alitaka siku moja aingie kwa mama yangu kwa mlango wa mbele, na watoto wake wajulikane ni wa nani.

Basi nikaenda Litein. Baiskeli yangu ilikuwa ile nyeusi ya chuma, Blek Mamba, nzito kama ng'ombe aliyekataa kusimama, na breki yake ilikuwa ni kiatu changu. Mwenye bucha akayaosha matumbo mbele yangu mpaka yakawa meupe, maana nilimsimamia hapo nikimwambia huko nyumbani kuna mtu mkali kuliko yeye. Akayafunga kwa gazeti, nikayafunga kwa mpira kwenye keria, nikageuka.

Huku kwetu kwenye chai mvua ina saa yake. Saa nane na kitu wingu lilikuwa limeshakaa juu ya vilima, na nilipoanza kuteremka baada ya soko mawe ya mvua yakaanza kuanguka, yale madogo kama harage, yanakupiga kichwani unajua umepigwa. Niliinamisha kichwa. Chai kulia, chai kushoto, na barabara nyeusi katikati. Nikawa nafikiria kama matumbo yatalowa.

Sikusikia honi. Watu wote waliokuja kuniona waliuliza kama nilisikia honi, kana kwamba ningesikia ningefanya nini. Nilisikia baiskeli ikinitoka chini yangu, hivyo tu, kama mtu amevuta kiti unapotaka kukaa. Halafu nikaiona chai kutoka juu. Nimefanya kazi na chai miaka kumi na moja, sikuwa nimewahi kuiona kutoka juu. Ilikuwa tambarare, imekatwa sawasawa, nzuri sana, na nilishangaa, wallahi nilishangaa, kwamba mimi naiangalia hivi na siogopi. Kisha nikaanguka.

Uchungu haukuja. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo nikilikumbuka. Nililala ubavu, nikaona goti langu liko mahali ambapo goti halikai, na nikawaza polepole kabisa: hilo goti ni la nani? Mawe ya mvua yalikuwa yakiniingia mdomoni, kumbe mengine hayakuwa mawe ya mvua, yalikuwa meno yangu. Mtu akawa anasema juu yangu, "Mungu wangu, Mungu wangu, Mungu wangu," mara nyingi, mpaka nikataka kumwambia anyamaze. Alinikamata chini ya makwapa akaniburuta. Mguu ulipoguswa, hapo uchungu ukaja wote kwa pamoja, ule wa kwanza na uliochelewa, na dunia ikazima.

Huyo dereva simjui mpaka leo. Alinitupa nyuma ya pikapu yake akaondoka mbio kabla watu hawajatoka kwenye chai, kwa maana alijua watu wakitoka kwenye chai na kumkuta hapo watamtoa roho. Akanipeleka hospitali moja ya misheni, akaniacha mlangoni, akasema amenikuta barabarani nimelala. Kunipeleka namshukuru. Huo uongo wa kusema amenikuta simsamehei, na mchungaji wangu anajua hivyo.

Sasa yaliyobaki barabarani niliambiwa baadaye, na nilivyoyasikia mara ya kwanza nilicheka mpaka mbavu zilizovunjika zikanirudisha kwenye adabu. Watu walitoka kwenye chai wakakuta baiskeli imekunjwa. Wakakuta sandali moja. Wakakuta damu. Na katikati ya lami, yametawanyika hatua tano hata sita, wakakuta matumbo. Gazeti lilikuwa limepasuka na gari jingine lilikuwa limeshapita juu yake. Nani angeangalia mara mbili? Akina mama walijifunika uso kwa kanga. Mtu mmoja akakata matawi ya mti akayafunika yale matumbo kwa heshima, mwingine akaweka matawi mbele na nyuma ili magari yasiyakanyage tena. Nyapara wetu alikuwa anapita, akaitambua baiskeli yangu, akavua kofia. Matumbo ya ng'ombe yalivuliwa kofia kwenye mvua ya mawe. Akaenda kiwandani akasema: nimemwona kwa macho yangu, tumbo lote liko nje, huyo amekwisha.

Kuna mtu wa kwetu tuliyefanya naye zamu moja. Yeye hakungoja kuuliza mwili uko wapi. Simlaumu, kwa sababu kwetu mtu akifia ugenini habari hailali njiani. Mwanamume hazikwi hivihivi. Anapaswa kuwa na nyumba yake katika boma la baba yake, na kama alikuwa mjinga kama mimi, miaka kumi na moja anakaa nyumba ya kampuni bila kujenga kwao, basi ndugu zake wanamjengea haraka hata ya siku mbili, ndipo azikwe kama mtu mwenye mlango. Kila saa ina kazi yake. Jumatatu asubuhi huyo bwana akapanda gari, akapita Sondu, akaenda kumwambia mama yangu kwamba sipo.

Mke wangu hakuna aliyekwenda kumwambia. Wanawake wa laini walinyamaza alipopita na ndoo, hivyo tu. Hakuna aliyejua amwambie kama nani. Yale ya matumbo barabarani aliyasikia kwa watoto wa jirani. Mwishowe alimfuata nyapara nyumbani kwake Jumapili baada ya kanisa, akamkuta anakunywa chai, akamuuliza bila salamu.

"Yalikuwa rangi gani?"

"Nini, mama?"

"Hayo matumbo mliyoona. Yalikuwa na uchafu ama yalikuwa meupe?"

Nyapara aliniambia alidhani huzuni imempanda kichwani. Akamjibu kwa upole kwamba yalikuwa meupe, meupe kabisa.

"Na ni mtu gani," akasema mke wangu, "ambaye matumbo yake yameoshwa?"

Akamwachia jirani watoto akaanza kutembea. Zahanati ya kampuni hapana. Akaenda mjini Kericho, akaingia kila wodi ya wanaume, hapana. Akaomba afunguliwe chumba cha maiti, akawaangalia wote waliokuwemo, mmoja mmoja, na hilo hajawahi kunisimulia hata leo. Nikimuuliza anasema walikuwa watu wa wengine. Jumanne mchana akanipata.

Mimi nilikuwa nimezinduka jana yake. Sijui nielezeje kuzinduka huko. Unaamka ukitaka kugeuka, na mwili unakataa kama punda. Mbavu tatu zilikuwa zimevunjika. Taya lilivimba hata jicho moja halikufunguka. Mfupa wa paja ulikuwa vipande viwili, na kwa hiyo walikuwa wamenitoboa chini ya goti, wakapitisha msumari wa chuma toka upande huu hadi ule, wakafunga kamba kwenye msumari, kamba ikapita kwenye gurudumu mwisho wa kitanda, na huko vikaning'inia vyuma vizito. Niliuangalia ule msumari ukiingia huku na kutokea kule. Nikamuuliza sista kwa mdomo usio na meno ya mbele kama huo mguu ni wangu. Akasema, "Ni wako, na uache kuutingisha." Nikalia. Si kwa uchungu. Nililia kwa sababu nilikuwa mtu mzima ninayeendesha baiskeli Jumamosi, na sasa nilikuwa kitu kilichofungwa kwa kamba, na kati ya hayo mawili hapakuwa na kitu, hata dakika moja ya kujitayarisha.

Alipoingia hakulia. Alisimama miguuni pa kitanda akauangalia uso wangu muda mrefu, maana haukuwa ule aliouzoea. Kisha akafunua shuka, akaweka viganja vyake viwili juu ya tumbo langu akabonyeza, kama mtu anayeangalia unga wa chapati.

"Yako ndani," akasema. Ndipo akakaa chini, sakafuni, akafunika uso.

Jioni ile alirudi kwenye laini kuwatazama watoto na kumwambia nyapara aache kunililia. Lakini kwetu hakukuwa na simu, na yule bwana wa zamu yangu alikuwa ameshafika kwa mama. Jumatano asubuhi akarudi na chupa ya uji. Kitanda cha karibu nami alikilalia mzee wa Kipsigis aliyepasuliwa ngiri, mtu mcheshi, na yeye ndiye aliyekuwa na redio, imefungwa kwa mpira ili betri zisitoke. Wakati ule lugha zetu zilikuwa zikipokezana kwenye idhaa moja. Kabla ya wakati wa Wakipsigis kulikuwa na wakati wa Wajaluo, na mzee hakuwa anazima, aliiacha iseme yenyewe akingoja zamu yake. Ukafika wakati wa matangazo ya vifo.

Hapo mahali watu wa kwetu hunyamaza, hata kama kuna sherehe. Mke wangu alikuwa ananinywesha uji kwa kijiko. Lugha yetu aliijua vizuri, miaka saba kwenye laini si mchezo. Mtangazaji alisoma kifo cha mwalimu mmoja, akasoma cha bibi mmoja kizee, kisha akasoma changu.

Alitaja jina langu. Akataja jina la marehemu baba yangu, na kijiji, na kiwanda cha chai nilikokuwa nafanya kazi. Ajali ya barabarani. Nilifikiri ni mtu mwingine mwenye jina kama langu, nikamhurumia. Kijiko kilikuwa kimesimama hewani. Kisha akaanza kusoma watu niliowaacha, na kwetu hapo ndipo palipo na uzito, kwa sababu aliyesomwa ni wa nyumba na asiyesomwa si wa nyumba. Alimsoma mama yangu. Akamsoma kaka yangu mkubwa. Akasoma dada zangu pamoja na mahali walikoolewa. Akamsoma mjomba, akamsoma binamu aliye bandarini Mombasa ambaye sijamwona tangu tukiwa watoto, akasoma hata mtu wa kanisa. Mimi nikawa nangoja. Nilisahau kabisa kwamba nimekufa, nikawa namngoja mtangazaji aseme mume wa fulani, baba wa fulani na fulani. Akasema mipango ya mazishi itatangazwa baadaye. Akaenda kwa marehemu mwingine.

Mzee wa kitanda cha pili hakuelewa lugha lakini alisikia jina langu, maana masista waliliita kila asubuhi. Akainua kichwa. "Kijana," akasema, "hii retio imesema wewe nini?"

"Imesema nimekufa, mzee."

Akafikiri. "Pole," akasema. "Lakini kunywa uji."

Mke wangu alifuta kijiko kwa kona ya leso yake. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Wewe ungekuwa umekufa kweli, mimi leo ningekuwa nani?" Akamimina uji uliobaki kwenye kikombe. "Wangekuja kuchukua mwili, wangefunga nyumba ya kampuni, na ningerudi kwa baba yangu na watoto wa hakuna mtu."

Nikakasirika. Hasira ndiyo dawa yangu, hata daktari angejua. Nilikasirikia ndugu zangu, nikawakasirikia mpaka vyuma vya mguu vikaanza kugongana. Wao walijua kuna mwanamke. Yule bwana wa zamu yangu alikula kwake mara ngapi? Alinywa maziwa yake. Na hawakuweza kumtaja hata kwa neno moja la mwisho. Nilimwambia mke wangu watakapokuja, na watakuja tu, nitawaambia mbele yake, yeye akae hapo hapo asikie.

Wiki tisa nililala hivyo, mgongo chini, na vyuma vikinivuta mguu urudi kwenye urefu wake. Nilipata vidonda matakoni. Nilijifunza kunya mbele ya wanaume kumi na wawili, na baada ya wiki mbili sikuona aibu. Usingizi ulikuwa na shida yake: kila nilipotaka kusinzia baiskeli ilinitoka tena chini yangu, nikashtuka, msumari ukavuta, nikapiga kelele, na mzee akasema kwa subira, "Umeanguka tena?" Walipoutoa ule msumari na kunisimamisha na magongo, nilizirai mara ya kwanza, na mara ya pili nikapiga hatua nne. Mguu ulibaki mfupi kwa upana wa vidole viwili. Mvua ikikaribia unaniambia kabla ya wingu. Ajali haina kinga, watu husema, wakisema hivyo wanainuka wanakwenda zao, na wewe unabaki na huo mguu.

Lakini hayo yalikuwa mbele. Kaka yangu alikuja Ijumaa ya wiki ile ile ya kwanza. Nilimsikia kabla ya kumwona, maana dirisha lilikuwa wazi na pikapu ikaegeshwa nje, na mtu wa kitanda cha dirishani akasema kwa mshangao kwamba kuna gari limekuja na jeneza. Walikuwa wamepita kwanza kiwandani kuchukua mwili, wakaambiwa mwili uko hospitali na unakula. Jeneza hawakuwa na mahali pa kuliacha.

Aliingia na yule mtu wa zamu yangu nyuma yake. Kaka yangu ni mtu mkubwa. Alinishika kichwa kwa mikono miwili akakitikisa kidogo, kama anaangalia kama kimeshika. Machozi yalimshuka bila sauti. "Omera," akasema, yaani ndugu yangu. "Omera. Mama amenyoa nywele."

Akaniambia wamenijengea nyumba. Imebaki kukandikwa upande mmoja. Akaniambia watu wamejaa bomani tangu Jumanne wakilala nje, na jinsi mama alivyokataa kula. Nikasikia huruma, nikasikia na aibu, lakini hasira niliyoilea siku mbili ilikuwa imekomaa na haikukubali kurudi. Mke wangu alikuwa amesimama kando ya ukuta na chupa yake ya uji, amewapisha wanaume. Hakuna aliyemsalimia ipasavyo. Nikaanza.

Nilimwambia kaka yangu kwamba wamenifanyia jambo ambalo hata adui hafanyi. Kwamba nilisikia kwa masikio yangu walivyonitangaza kama mti mkavu usio na tawi. Nikamwonyesha yule mwanamke. Nikasema huyu ndiye aliyewaangalia maiti wote wa Kericho akinitafuta, wakati nyinyi mnanunua mbao. Nikasema ana watoto wangu wawili. "Mkamsoma binamu wa Mombasa," nikasema, na mzee akapunguza redio yake. "Mkamsoma mtu wa kanisa. Huyu mlimwacha kwa nini? Kwa sababu ni Mkipsigis? Nijibu, kwa sababu gani?"

Kaka yangu hakukasirika. Hilo lilinitisha. Aliniacha nimalize, akaingiza mkono mfukoni mwa koti, koti la mazishi, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Sisi hatukuwa na la kuongeza," akasema. "Karani wenu alitoa hii kwenye faili lako, akampa huyu alete nyumbani, tuandikie tangazo. Nilimuuliza huyu, si kuna mwanamke anakaa naye? Akasema yuko. Nikakaa na hii karatasi usiku mzima, omera. Nikasema, mimi ni nani nimwandikie mtu mke ambaye mwenyewe amekataa kumwandika?"

Ilikuwa kopi ya kaboni, ya bluu. Niliijua kabla hajaifungua yote. Mwaka uliotangulia ofisi ilikuwa imebadilisha mafaili, kila mtu akaitwa ajaze upya watu wake, wa kujulishwa jambo likitokea. Nilikuwa nimeijaza nikiwa nimesimama, juu ya meza ya karani, kwa kalamu yake. Msichana wetu mkubwa siku hiyo alikuwa ananingoja nje ya mlango ameshika baiskeli. Kumbe nilikuwa nimelisahau hilo kabisa. Ama sikulisahau, nililiweka tu mahali ambapo sitaliona.

Kaka yangu alikuwa ananipa mimi ile karatasi, lakini mke wangu alitoka ukutani akaipokea. Darasa la nane alimaliza Merigi, na alisoma kama alivyofundishwa, kidole chini ya kila mstari. Jina langu. Jina la baba. Mama, kaka, dada. Kidole kikafika palipoandikwa mke, na mbele yake, kwa mwandiko wangu ule wa kulala upande, sina. Kikashuka mstari mmoja, palipoandikwa watoto, na hapo pia, sina. Kikasimama hapo.

"Hili la kwangu nilikuwa nalijua," akasema, kwa Kiswahili, ili kila mtu mle ndani aelewe. "Sikuambiwa lakini nilijua. Lakini hawa, Baba Watoto. Hawa wawili ulikuwa unamficha nani asiwajue?"

Nilitaka kugeukia ukutani, na ule mguu uliofungwa haukuniruhusu.